Zizi la Rre Mothibedi

Rre Mothibedi alikuwa na ng'ombe arobaini na mmoja, na wote walikuwa wamekufa. Hilo halikumzuia kuwachanja kila asubuhi.

Walikuwa wakiishi ndani ya hifadhidata ya majaribio, katika ofisi ya ushirika wa wafugaji pale Mahalapye, Botswana, ambako Rre, au Rra ukimwita mtu, ni Bwana, na Mma ni Bibi. Miaka kumi na minane nyuma, programu ya Java ya kusajili mifugo ilipoandikwa, alitakiwa mtu wa kuijaza ng'ombe wa uongo ili ijaribiwe kabla ya kukabidhiwa wa kweli. Mtu mwingine angeandika Ng'ombe wa Kwanza, Ng'ombe wa Pili, akamaliza kazi kabla ya chai. Rre Mothibedi alichukua siku nne. Aliingiza zizi zima la marehemu baba yake, lililoteketea kwa ukame wa mwaka themanini na tatu: jina la kila mmoja, rangi yake, pembe zilivyokaa, mama yake nani, na namba ya hereni ya sikioni aliyomtungia yeye mwenyewe, maana enzi zao hereni hazikuwapo.

Tangu hapo, kila toleo jipya la programu lilipitishwa kwanza kwa ng'ombe hao. Kila alfajiri mashine iliwachanja, ikawahamisha malisho, ikawauza mnadani na kuwarudisha, yote kabla watu hawajafika kazini. Rre Mothibedi akiingia saa moja na nusu, kabla hata ya kuvua koti, aliwasha kioo cha kompyuta akawahesabu. Wakitimia arobaini na mmoja, siku imeanza vizuri.

Gofaone, aliyekuwa akifanya naye kazi kwa mwaka wa tatu sasa, mwanzoni alidhani ni utani wa mzee. Yeye alikulia Gaborone, kwenye nyumba ya ghorofa, na Rre Mothibedi hakuacha kumkumbusha.

"Wewe ng'ombe umemwona kwenye sahani tu," alikuwa akimwambia. "Ukikutana naye amesimama utamsalimia upande wa mkia."

"Bora mimi wa sahani, Rra. Wako hata kwenye sahani hawafiki."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Waliivana hivyo, yule wa miaka ishirini na tisa na yule wa sitini, na ofisi nzima ilikuwa imezoea kuwasikia wakirushiana maneno kutoka chumba cha mwisho, kile chenye feni inayogonga.

Sasa Rre Mothibedi alikuwa anastaafu. Ijumaa ya wiki ile ndiyo ilikuwa ya mwisho, na kila alichokijua kilipaswa kuhamia kichwani kwa Gofaone kabla ya hapo. Jumatatu asubuhi alimkalisha, akamwekea magwinya mawili ya moto, maandazi ya kwao, juu ya karatasi, akasema:

"Programu ni ya ushirika. Seva ni za ushirika. Kiti hiki kimevunjika, sikuachii. Nina ombi moja tu. Nitunzie ng'ombe wangu."

Gofaone alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaona mzee hatanii. "Nitawatunza, Rra," akasema.

"Wasije wakaletewa mtu wa kisasa akawafuta kwa sababu wanajaza nafasi."

"Hakuna atakayewagusa. Nimekuahidi."

Basi wakaanza kazi. Ushirika ulikuwa umenunua seva mpya, na Gofaone ndiye aliyetakiwa kuiandaa kwa mkono wake mwenyewe, mzee akikaa pembeni. Kazi yenyewe haina maajabu, ila inataka mtu mtulivu. Programu ya Java haijui hifadhidata iko wapi. Inachojua ni jina tu. Inaiambia seva, nipe kitu kinachoitwa "mifugo", na seva inatazama katika faili lake la mipangilio kuona jina hilo linaelekea mashine gani, kwa mtumiaji gani na neno gani la siri, kisha inaipa programu muunganisho. Jina ni lile lile kila mahali, kwenye majaribio na kwenye kazi ya kweli. Kinachobadilika ni anwani tu.

"Miunganisho mingapi kwa pamoja?" Gofaone aliuliza, kidole juu ya kibodi.

"Wewe unaonaje?"

"Mia mbili. Tusije tukapungukiwa."

Rre Mothibedi akatikisa kichwa. "Umewahi kuona kisima cha malishoni? Hori moja, ng'ombe ishirini wanakunywa, wengine wanangoja zamu. Ukiwaachia mia mbili waingie kwa mpigo wanavunja hori na hakuna anayekunywa. Weka ishirini. Na yule anayeng'ang'ania bila kunywa, baada ya dakika moja mtoe kwa nguvu."

Gofaone akaweka ishirini, na dakika moja. Akaongeza swali dogo la kuuliza kila muunganisho kama bado uko hai kabla haujaazimwa. Halafu, kwa kuwa alikuwa mwangalifu, aliielekeza seva mpya kwenye hifadhidata ya majaribio kwanza, akaijaribu mchana wote wa Jumatatu. Ikaenda vizuri. Jumanne jioni alibadilisha anwani ndani ya faili, akafunga upya kifurushi cha programu na mipangilio yake, sasa kikielekea kwenye hifadhidata ya kweli, akakiweka juu ya kile cha zamani. Jumatano saa moja na nusu matawi yote saba ya ushirika, pamoja na malango ya ukaguzi wa mifugo, yakahamia kwenye seva mpya.

Alifungua ukurasa wa uangalizi. Palikuwa na alama ya kijani na neno moja: imeunganishwa. Akashusha pumzi, akaenda kuchemsha maji ya chai. Ilikuwa kweli imeunganishwa. Ila hakuna aliyeuliza imeunganishwa na nini, naye Gofaone, kwa uangalifu wake wote, hakuuliza.

Saa nne na dakika chache simu ikalia.

"Naitwa Rasebotsa," sauti ya mwanamume ilisema, ya mtu aliyekwisha kupigia watu wengi simu asubuhi hiyo. "Niko kwenye lango la ukaguzi wa mifugo. Nina lori, nina ng'ombe kumi na moja, na nina kibali. Mnaniletea balaa gani?"

"Balaa gani, Rra?"

"Hapa nina dume jeupe. Mkaguzi kamsoma hereni. Mashine yenu inasema huyu ni jike mwekundu mwenye mgongo mweupe, kazaliwa mwaka wa sabini. Sasa mkaguzi ananiuliza namlisha nini mpaka kafika umri huo."

Kwa nyuma mtu alicheka. Rasebotsa hakucheka.

"Na mwenyewe si mimi. Mwenyewe ameandikwa Mothibedi. Ananiuliza nimemwiba wapi. Mimi, mtu wa miaka hamsini na sita, naulizwa nimeiba ng'ombe wapi, mbele ya dereva wangu. Tuko juani tangu saa mbili."

 Huyo jike mwekundu mwenye mgongo mweupe Gofaone alimfahamu. Alikuwa Thamagana, wa kwanza kwenye orodha ya Rre Mothibedi. Kama lango lilikuwa linamsoma Thamagana, basi matawi saba yalikuwa yanaandika wapi tangu asubuhi?

"Nipe muda kidogo, Rra. Wape maji."

"Maji yako ng'ambo ya lango," Rasebotsa alisema, akakata simu.

Gofaone akafungua kifurushi. Anwani ilikuwa sahihi, ya hifadhidata ya kweli, herufi kwa herufi. Akaisoma mara tatu. Akaitazama tena kana kwamba ingebadilika kwa aibu. Rre Mothibedi akaja kusimama nyuma yake na kikombe chake cha chai.

"Umeandika sawa," alisema baada ya kutazama.

"Nimeandika sawa, lakini inakwenda kwenye majaribio."

"Basi usiangalie ulichoandika wewe. Angalia inachosoma seva."

Hapo ndipo alipokumbuka, na akatamani asingekumbuka mbele ya mtu. Seva ya aina ile ina tabia yake. Siku ya kwanza ukiipa kifurushi, inachomoa faili la mipangilio, inalinakili na kuiweka nakala kwenye kabati lake la ndani. Ukileta kifurushi kingine juu ya kile cha kwanza, inapokea programu mpya kwa moyo mmoja, lakini mipangilio inaendelea kuisoma kutoka kwenye ile nakala ya siku ya kwanza. Haikuambii. Gofaone aliisoma habari hiyo chuoni, akaijibia mtihani, akaisahau. Akafungua kabati la seva, na nakala ya Jumatatu ilikuwa imekaa pale kwa raha zake, na anwani ya majaribio ndani yake.

Akaifuta, akaiwasha seva upya. Ilichukua dakika mbili. Kisha wakatafuta rekodi zilizoandikwa asubuhi hiyo mahali pasipo pake: ng'ombe sitini na watatu wa watu wa kweli, wamechanganyika na wale arobaini na mmoja. Kuwatenga kulikuwa rahisi, maana wafu walijulikana. Mzee alimsomea majina bila kutazama kioo, Gofaone akawabakisha hao, wengine wote akawahamishia kwao. Ilipofika saa tano lango lilimsoma dume jeupe kuwa dume jeupe, na lori likapita.

Wangeweza kucheka sasa. Gofaone alikuwa tayari ameanza kutafuta maneno ya kumtania mzee juu ya ng'ombe wake waliovuka lango bila kibali. Mma Kelebonye, meneja wao, akaingia na kusimama mlangoni. Hakuwa mwanamke wa kupaza sauti. Alikuwa wa kusimama mlangoni.

"Rasebotsa amenipigia," alisema. "Ng'ombe mmoja alilala ndani ya lori kwa joto. Wenzake wamemkanyaga. Mguu wa mbele umevunjika mara mbili."

Gofaone aliinuka kitini. Mma Kelebonye aliendelea:

"Ni mtamba. Alikuwa amempa binti yake. Atachinjwa leo."

Rre Mothibedi aliweka kikombe mezani, taratibu sana, akatoka nje.

Mma Kelebonye alimwita Gofaone ofisini kwake. Gofaone alikuwa amejipanga njiani. Kazi zote za seva zilifanyika kwa jina la mzee, kama ilivyokuwa miaka yote, na yeyote angesoma kumbukumbu za mashine angeona Mothibedi, Mothibedi, Mothibedi. Kwa hiyo alisema kabla hata ya kukaa.

"Ni mimi, Mma. Si Rre Mothibedi. Niliacha nakala ya zamani kwenye seva, na sikuhakikisha inasoma wapi."

"Nimekusikia. Utaandika ripoti, na utaniambia mtu atahakikisha vipi safari ijayo." Akamtazama kidogo. "Na hao ng'ombe wenyewe? Ilikuwaje hereni ya uongo ifanane na hereni ya mtu?"

Gofaone alilijua swali hilo lingekuja, na aliliogopa kuliko ripoti yenyewe. Akasema kwamba namba za wale ng'ombe zilitungwa zamani, kwamba angeweza kuzibadilisha zote zianze na herufi isiyotumika kwenye hereni yoyote nchini, ni kazi ya dakika kumi, na kwamba wakishabadilishwa lango lolote litawakataa hata seva ikikosea tena. Aliongea haraka. Aliongea kama mtu anayemwombea ndugu.

Mma Kelebonye alifikiri. "Jioni iwe tayari," akasema. "Sina ugomvi na ng'ombe wa mzee."

Gofaone nusura akimbie kwenye ukumbi. Moyo ulikuwa umemrudi mahali pake. Ng'ombe wako salama, ahadi iko salama, na Ijumaa mzee ataondoka akiwa na zizi lake kamili. Alimkuta amesharudi kwenye kiti chake kilichovunjika, orodha ya arobaini na mmoja imefunguka mbele yake.

"Rra, amekubali. Tunabadilisha namba tu. Nitafanya sasa hivi."

"Nimezungumza na Rasebotsa," Rre Mothibedi alisema.

"Amesema nini?"

"Alikuwa amechoka. Nikamwambia mimi ndiye Mothibedi, mwenye yule jike.  Halafu akaniuliza kama bado ninaye." Alipangusa kioo kwa mkono wa shati, ingawa kilikuwa safi. "Nimezifuta nakala za akiba za ng'ombe hawa. Zimebaki hizi hapa."

Gofaone hakuelewa mara moja. Alipoelewa alivuta kiti chake mpaka kikagonga cha mzee. "Rra, hapana. Kosa ni langu. Nimemwambia Mma ni langu, ameandika ni langu."

"Najua ni nani aliyeacha lango wazi."

"Basi?"

"Ng'ombe wako wakiingia shambani kwa mtu wakala mtama, huendi kwake ukaanza kumtaja aliyeacha lango wazi. Unakwenda, unavua kofia, unasema ng'ombe ni wangu. Baba alifanya hivyo mara mbili ninazozikumbuka."

"Hawakula mtama wa mtu. Ni faili, Rra. Ni nakala ya faili."

"Mtamba wa yule binti ni faili?"

 Feni iligonga juu yao.

"Na namba," mzee aliendelea, kwa sauti ya chini zaidi. "Siku ile nilijua namba za majaribio hazitakiwi kufanana na za kweli. Nani asiyejua? Ningeweza kuwaanzishia na sifuri tatu. Sikutaka. Nilitaka wafanane na walio hai. Miaka kumi na minane nilikaa nao hivyo na nikafurahi. Sasa wamemfikia mtu."

"Basi nikuchapishie," Gofaone alisema.  "Nichapishe orodha yote, na rangi, na mama zao. Uende nayo nyumbani."

"Majina ninayo kichwani. Kwenye karatasi hawatembei."

"Nilikuahidi, Rra. Jumatatu tu nilikuahidi."

"Na leo umekwenda kuwaombea. Nimekusikia toka ukumbini, unaongea kama mshenga." Alitabasamu kidogo. "Ahadi yako umeitimiza. Hili ni langu."

Amri moja ingetosha. Gofaone angeweza kuiandika akiwa amefumba macho: mstari mmoja, na wote arobaini na mmoja wangeondoka kwa kupepesa jicho. Rre Mothibedi hakuiandika. Alimchagua mmoja, akasoma jina lake kwa sauti, akabonyeza. Akamchagua mwingine.

"Phatshwana. Huyu alikuwa mkorofi, alimwangusha kaka yangu kisimani."

Akabonyeza.

"Tilotsana. Maziwa yake machache lakini mazito."

Akabonyeza.

Walipofika wa kumi na tano hivi, Gofaone aliuliza: "Kwa nini mmoja mmoja, Rra?"

Mzee aliendelea mpaka wa ishirini kabla ya kujibu.

"Nilikuwa shule ya bweni Serowe, kidato cha tano. Baba hakunipa habari mwaka mzima. Wakawa wanaanguka huku mimi nasoma hesabu. Halafu ikaja barua, mstari mmoja: ng'ombe wamekwisha, soma kwa bidii. Niliisoma nimesimama, nikaikunja, kengele ikalia, nikaingia darasani. Niliporudi likizo mifupa yao ilikuwa imeshauzwa ya kusagwa mbolea." Akabonyeza. "Sikumwona hata mmoja akienda. Leo nipo."

Gofaone hakuuliza tena. Alikaa na kusikiliza, na kila jina lilipotajwa alijikuta analirudia kimoyomoyo, yeye mtu wa Gaborone asiyejua mkia na kichwa. Wengine mzee aliwaeleza, wengine aliwataja tu. Dume la baba yake alilitaja mara mbili. Ndama watatu waliozaliwa mwaka wa ukame wenyewe, ambao hata majina hawakuwa wamepewa, aliwaita kwa rangi zao.

Wa mwisho alikuwa Thamagana. Rre Mothibedi aliiondoa mikono kwenye kibodi akaiweka mapajani.

"Huyu nilimkamua mimi," alisema. "Nilikuwa na miaka minane. Alisimama kimya mpaka nikamaliza, na nilikuwa sijui kukamua."

Akabonyeza.

Kisha akafanya alichofanya kila asubuhi kwa miaka kumi na minane: akaiambia mashine iwahesabu. Macho yake hayakuweza kusoma kilichoandikwa, kwa hiyo akamgeukia Gofaone.

"Ngapi?"

"Sifuri, Rra."

Ndipo akalia. Alilia bila sauti kubwa na bila kuficha uso, miaka arobaini na zaidi baada ya barua ile. Gofaone aliushika mkono wake akakaa naye hapo, na simu ilipolia mezani waliiacha ilie mpaka ikakatika.